Mtungi wa Dada

Jumatatu, 4 Machi
Balaa! Mchumba wangu, nesi wa wodi ya watoto, amejiandikisha darasa la kupiga mbizi kwa mtungi wa hewa. Bwawani wiki hii, baharini Jumamosi. Akauliza kama nami naweza. Mdomo wangu, bila kuniomba ruhusa, ukajibu kwamba nimezamia tangu ujana. Kuogelea najua. Mtungi sijawahi kuugusa.

Kibaya zaidi, darasani yumo Daktari wa Meno. Mrefu. Ana gari. Anamwita mchumba wangu “dada” kwa sauti isiyo ya kaka hata kidogo. Na chini ya maji wanaoanza huenda wawiliwawili, wameshikana mikono! Mwalimu atapanga Ijumaa nani aende na nani. Nimejiandikisha mbio.

Jumanne, 5 Machi
Mazoezi ya siri. Nimejifunga mgongoni mtungi wa gesi wa dada yangu ninayeishi kwake, kwa mashuka yake mawili, nikazunguka sebuleni. Dada akatokea. Akauliza kama nahama au naiba. Nikamwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Akasema utaalamu nitaupeleka kwingine, watoto wake wana njaa na jiko halina moto.

Dukani kwetu, duka la viatu, nikafanya mazoezi ya kubana pumzi. Mteja akauliza bei, nami niko katikati ya pumzi. Nikamjibu kwa mikono. Akaondoka na viatu viwili vya mguu wa kushoto. Bosi kanuna mpaka jioni.

Jumatano, 6 Machi
Somo la kwanza. Mwalimu, mama mfupi mwenye sauti ya honi, akatangaza sheria kuu ya kuzamia: usibane pumzi kamwe!

Kumbe! Na mwili wangu umeshazoea kubana. Nikibana, napaa. Nikiachia, nazama kama tofali. Mchumba wangu anateleza majini bila shida, akaniuliza ujanani nilizamia wapi. Nikasema maji ya huko yalikuwa mazito zaidi. Meno akacheka. Ninamchukia.

Alhamisi, 7 Machi
Nimenasa siri! Mwalimu alikuwa akimweleza mtunza bwawa kwamba mwanafunzi dhaifu kabisa humpanga na aliye hodari kabisa. Hodari ni mchumba wangu, hilo halina ubishi. Basi dawa ni kuwa dhaifu. Kipaji hicho ninacho!

Lakini leo Meno naye amekohoa majini kama mtu anayekata roho. Naye amesikia? Anaigiza? Siwezi kukaa kitako. Nimepanga na kupangua maboksi ya viatu mpaka bosi kanirudisha nyumbani.

Ijumaa, 8 Machi
Maafa. Niliingia bwawani nimekata shauri kushindwa. Sikujikaza, sikubana kitu, nikajilegeza tu nikingojea aibu. Nikaelea! Si juu, si chini, napumua kama mtoto aliyelala. Nikajaribu kuharibu, wapi! Mwalimu akapiga makofi, akasema nimeiva.

Mchumba wangu kapewa Meno. Mimi nimepewa Bibi Mkuu, mwanafunzi mwenzetu, mwalimu mkuu mstaafu wa shule, ambaye kwanza alikagua kucha zangu. Roho inaniuma kwelikweli.

Jumamosi, 9 Machi
Bahari. Bibi Mkuu alinishika mkono akanipeleka alikotaka. Samaki walikuwepo, nasikia. Macho yangu yalikuwa kwa wale wawili. Wameshikana!

Kumbe Meno hakuwa akiigiza. Tulipopanda boti, mchumba wangu alinionyesha vidole vyake, vimevimba kwa kubanwa na Meno kwa hofu. Meno kajikunja pembeni, hataki kutazamana na mtu. Mchumba akaja kuketi nami. Akasema jana bwawani alinitazama, hajawahi kuniona nimetulia vile, na mtu wa namna ile ndiye anayetaka kuishi naye. Akauliza kwa upole nilifanyaje.

Jibu nilikuwa nalo. Nililegea tu, mpenzi, niliacha kujifanya. Maneno machache mno.

Badala yake nikasema ni milima. Mtu aliyepanda milima kama mimi hababaishwi na maji.

Amefurahi! Baba yake anapanda mlima mwezi ujao na alikosa wa kwenda naye. Ameshampigia simu. Mzee ananingoja kwa hamu.

Jumapili, 10 Machi
Nimeanza mazoezi kwenye ngazi za ghorofa. Ila bila mzigo mgongoni ni kazi bure. Dada ameuficha mtungi wa gesi. Nimeshajua ulipo.