Ndege ya Kumpa Babu

Jumanne, 4 Machi

Bawa la kushoto limeyeyuka! Naliangalia hivi hivi linanywea. Nimelichonga wiki nzima kwa wembe, kutoka kwenye lile povu gumu jeupe la katoni ya televisheni ya shangazi. Msasa mpaka vidole vikachubuka. Fundi rangi wa magari alinipa kopo la rangi ya kupuliza, akasema nijaribu kwanza kwenye kipande. Nilidhani ananibania tu, nikapuliza bawa zima.

Babu alikuwa fundi wa ndege vitani. Kofia yake ya kikosi atamvisha mjukuu atakayemtengenezea ndege anayoijua. Jumamosi anakuja. Lazima iwe mimi!

Jumatano, 5 Machi

Binamu kaleta yake. Plastiki, ya dukani, inang'aa. Akaniuliza mbele ya shangazi eti yangu ni ndege au kuku aliyenyonyolewa. Mbele za watu ulimi wangu unaganda.

Nikaunga bawa kwa gundi kali. Gundi nayo ikala povu! Shimo. Nimeliziba kwa boksi la dawa ya meno. Sikati tamaa.

Alhamisi, 6 Machi

Televisheni mbovu. Shangazi anataka kuirudisha dukani, wamemwambia alete na povu lake. Nikamsaidia kutafuta. Tumetafuta mpaka chini ya kitanda changu, upande ambao halipo.

Jumamosi, 8 Machi

Babu kaja! Kaishika ya binamu, kaigeuza, kauliza hii iliruka lini, mbona haina hata kiraka. Kisha yangu. Kidole kikatembea juu ya bawa. Akasema eh, hii naijua, hii ndiyo ile iliyorudi inawaka, tukaiziba kwa mabati ya makopo. Akanishika sikio: we bwana mdogo, nani kakusimulia? Nilitaka kueleza. Ikatoka shikamoo. Ya pili ndani ya dakika moja.

Kofia nitavishwa jioni, mbele ya ukoo mzima!

Ila binamu kanong'ona eti babu kanionea huruma, limdude lenyewe limefubaa kama sufuria. Imeniuma. Sitavishwa kofia nimeshika kitu kilichofubaa. Fundi samani wa pale kona ana vanishi, meza zake unajiona sura. Vanishi si rangi wala si gundi, itakula nini? Nipake ndege nzima, mara moja tu.

Naondoka sasa hivi. Jumamosi fundi anafunga mapema, na babu ndo kwanza kasinzia.