Nilivyoizima Dar es Salaam kwa Kuogopa Radi ya Mtwara

Leo nimejiaibisha Dar es Salaam, na hapa Mtwara sijatoka. Nawaandikia mwenyewe mapema, watu wa kijiwe, kabla Neema wa ofisini kwetu hajaniwahi kuwaandikia kwa namna yake.

Kwa wageni wa humu: mimi ni karani wa takwimu katika ofisi moja ya kukusanya korosho hapa mjini. Kila mwisho wa mwezi hesabu za maghala yetu lazima zifike makao makuu Dar. Siku zote hesabu hizo husafiri kwa basi, na mtu wa kuzisindikiza ni mimi. Mvua zikishaanza, barabara ile mnaijua. Unalipa nauli, kisha unashuka kusukuma ulichokilipia.

Mwezi huu sikuwa tayari kusafiri. Kesho Jumamosi mwanangu Shaibu anatoka jandoni, kijijini kwetu Ziwani. Baba asipoonekana siku hiyo hakuna atakayesema alikuwa na safari ya kikazi. Watasema kamkimbia mtoto, na watalisema hilo mpaka mtoto naye awe na watoto.

Bosi wetu, Mzee Mshamu, analijua hilo vizuri kuliko mimi. Lakini makao makuu nao wanamsubiri. Asubuhi akaniita.

"Hesabu zikifika leo kwa huo waya wako, kesho nenda kamtoe mwanao. Zisipofika, basi la alfajiri linaondoka nawe. Nnadhani tumeelewana."

Tulielewana.

Waya wenyewe ni huu. Makao makuu kuna mashine moja kubwa inayotunza hesabu za matawi yote. Deo, fundi wao wa kompyuta, alituletea programu ndogo kwenye flopi. Ukishaiweka kwenye kompyuta yako unapiga simu kwa modemu, kinafunguka kidirisha cheusi, na humo unaiamrisha mashine ya Dar kama vile umekaa mbele yake. (Flopi ya kutukomboa na basi ilikuja kwa basi. Ilikuwa na tope.)

Nikaifuta, nikaiingiza, nikabonyeza. Ikamaliza hapo hapo.

Mzee Mshamu alikuwa amevuta kiti kabisa, amekaa nyuma yangu na kikombe cha chai. Hakupendezwa.

"Tayari?"

"Tayari, Mzee."

"Kitu cha kufika Dar es Salaam kinaingia upesi hivyo? Rudia."

Nikarudia. Safari hii nilijifanya nasoma soma kidogo kati ya bonyezo moja na jingine, naye akaridhika.

Modemu ikalia kilio chake, laini ikashika, kidirisha cheusi kikafunguka. Kikataka jina, nikaandika lile Deo alilotutumia pamoja na flopi. Kikataka neno la siri. Nikaandika, hakikuonekana kitu. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi. Hakuna kitu. Nikageuza kibodi, nikaipiga piga mgongoni, zikadondoka punje za korosho za msimu uliopita. Neema, mhasibu wetu, dada kutoka Mbeya asiye na huruma, akanichomolea kibodi ya kwake akaniletea. Nayo haikuonyesha kitu.

Simu ya ofisi ilikuwa imeshikwa na modemu, basi Neema akampigia Deo kwa simu yake ya mkononi, akanipa.

"Kaka, kibodi zote za Mtwara zimekufa," nikamwambia.

"Neno la siri halionekani ukiliandika," Deo akasema. "Ndiyo maana linaitwa la siri. Andika tu, ubonyeze enta."

Nikaandika tu. Nikabonyeza enta. Nikaingia. (Neema alichukua kibodi yake, akaipangusa kwanza, na hilo ndilo lililoniuma.)

Kabla hajakata, Deo akaniongezea moja. "Jina lako bado sijalifungua. Umeingia kwa jina langu la usimamizi, kwa leo tu. Usiguse kitu usichokijua."

Naapa sikukigusa. Nilichokigusa nilikuwa nakijua, na humo ndimo balaa ilimolala.

Mzee Mshamu akasogeza kichwa karibu na skrini, akatazama kile kidirisha cheusi kwa muda.

"Dar es Salaam ndiyo hii?"

"Ndiyo, Mzee."

"Giza tupu." Akanywa chai. "Haya, wasalimie kwanza. Huwezi kumpa mtu mzigo hujamwamkia."

Nikataka kumweleza kwamba mashine haisalimiwi. Nikamtazama usoni, nikaona si saa yake. Nikaandika "shikamoo", nikabonyeza enta. Mashine ikajibu kwa Kiingereza kwamba amri hiyo haiijui.

"Imesemaje?"

"Imesema marahaba, Mzee."

"Basi ina adabu," akasema, akaenda zake kuswali Ijumaa.

Nami nilikwenda, nikarudi upesi, nikaanza kazi. Kwa kweli ilikuwa raha. Nachapa huku, zinakaa kule. Ghala la Ziwani likaingia, la Msimbati likaingia, na mengine yakafuata. Watu wa ofisi za jirani wakaja mlangoni kuchungulia. Kuna mmoja aliuliza kama anaweza kumwona shemeji yake aliyeko Temeke. Nikamjibu kwa upole kwamba chombo hiki ni cha hesabu tu. Nilikuwa nimeshajikuta mtaalamu, na kwa sauti ya kitaalamu nikawa naeleza hata nisiyoulizwa.

Likabaki ghala moja. Ndipo pakaingia kiza cha kweli, cha nje.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu Mzee Mshamu na radi. Katika ofisi yetu ngurumo ikisikika kazi inasimama. Si hiari. Kioo cha pale ukutani kinafunikwa kanga, feni inachomolewa, redio inachomolewa, simu za mkononi zinazimwa, na mwenye shati jekundu anaombwa akae korido. Kompyuta lazima zizimwe kisha zichomolewe. Mzee anasema zamani radi ilimpiga jirani yake akiwa ameshika redio, na tangu siku hiyo hajadiliani na mbingu. Hata Neema, aliyekuja hapa akitucheka, siku hizi ndiye anayekimbilia kanga.

Ngurumo ya kwanza ilitokea upande wa Ruvuma huko, chini chini. Ya pili ilitikisa dirisha.

"Zimeni," Mzee akasema.

Watu wakatawanyika kila mmoja kwenye kazi yake. Nami ningeweza kuzima kama watu wote, kwa maus, pale chini kwenye kona. Lakini mlangoni kulikuwa bado na watazamaji. Na mimi niliwahi kuhudhuria kozi ya wiki moja, cheti chake kiko sebuleni kwangu kwenye fremu, na katika kozi ile tulifundishwa amri ya kuizima kompyuta kwa maandishi. Kidirisha cheusi kilikuwa wazi mbele yangu. Nikaona huu ndio wakati wa cheti kujilipa.

Nikaandika amri. Nikabonyeza enta kwa kidole kimoja, kama mtu anayezima koroboi.

Skrini ikatoa tangazo kwamba mashine inazimwa sasa hivi, na watumiaji wote wanaombwa wawe tayari. Nikasema moyoni, tazama chombo cha kistaarabu, kinaaga. Wala sikujiuliza hao watumiaji wote ni akina nani, wakati mbele ya kompyuta yangu nilikaa peke yangu.

Kisha kidirisha kikaniambia mawasiliano yamekatika. Safi. Ila kompyuta yangu haikuzimika. Ilikuwa imekaa vilevile, inavuma.

"Mbona hiyo bado inanguruma?" Mzee akauliza.

"Inajiandaa, Mzee."

Radi ikapiga karibu. Nikaacha ijiandae, nikachomoa waya ukutani. Kimya. Nikafuta mikono, nikaenda kukaa na wenzangu mbali na madirisha, na roho yangu ilikuwa nyeupe. Ghala moja tu limebaki. Mvua ikikatika naliingiza, kesho niko Ziwani.

Hapo simu ya ofisi ikaanza kuita.

Kwetu simu haishikwi kukinguruma. Ikaita mpaka ikakata. Ikaita tena. Sote tuliitazama tu. Ikakata, ikaita tena, na kila ikiita Mzee ananyoosha kiganja kutuzuia, ingawa hakuna aliyenyanyuka.

"Mpigaji atakuwa wa Dar," akasema. "Watu wa kule hawana heshima na radi."

Iliita karibu muda wote wa mvua. Neema alifika mahali akasema kwamba anayepiga hivi ama amefiwa ama anataka kuua. Tukacheka. Mimi nilicheka kuliko wote. Nakumbuka hilo sana.

Ngurumo zikasogea baharini, mvua ikabaki ya manyunyu. Mzee Mshamu akafunua kioo mwenyewe, akajiweka sawa kofia, akashika simu. Kwa kuwa masikio yake yameanza kuchoka, simu ile huwekwa kwenye spika. Kwa hiyo yaliyofuata yalisikika mpaka kwa wale wa mlangoni.

Alikuwa Deo. Hata salamu haikukamilika.

"Mzee, mashine kubwa imezimwa. Matawi yote yamekatika. Huku bosi ana wanunuzi wa nje ukumbini, alikuwa anawaonyesha hesabu, skrini ikafa mbele yao."

"Pole sana," Mzee akasema. "Hiyo ni radi. Hata huku imepiga vibaya."

"Mzee, Dar kuna jua."

"Radi inasafiri, mwanangu."

"Mzee, kabla haijazimika imewatangazia watu wote jina la aliyeizima na mahali alipo. Yuko Mtwara. Tena imetangaza kwa jina langu mimi, na bosi ameniuliza mbele ya wageni nafanya nini Mtwara wakati nimesimama hapo hapo ukumbini."

Mzee akasogeza simu upande wangu wa meza.

"Kaka," Deo akasema, "ulikuwa unazima nini?"

"Kompyuta."

"Kompyuta ipi?"

"Hii ya mbele yangu."

"Ya mbele yako iko wapi?"

"Mtwara."

"Na kidirisha ulichoandikia ni cha wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajibu, kwa sauti ambayo hata mimi sikuitambua: "Cha Dar es Salaam."

Mlangoni mtu akaanza kucheka, akaziba mdomo, ikawa mbaya zaidi. Yule wa shemeji wa Temeke akamwuliza mwenziwe kama Temeke nako kumezimwa. Neema aliinamisha kichwa juu ya meza. Mabega yalikuwa yanamcheza.

Deo alikuwa ameshaiwasha mashine. Lakini ilizimika kazi ikiwa katikati, na hesabu za Mtwara zikaharibika zote. Kisha ikaingia sauti ya bosi wa Dar mwenyewe. Hakupandisha sauti. Alisema Mtwara isiguse tena waya huo mpaka mhusika afundishwe, na kwamba hesabu zije kwa basi la kesho kama zamani. Zije na mtu wa kuzieleza.

Mtu wa kuzieleza ni mimi. Nikamwona akilini Shaibu anatolewa amevaa kanzu mpya, anazungusha macho anitafute kwenye watu.

Mzee Mshamu akaivuta simu kwake.

"Bosi, aliyesema zimeni ni mimi," akasema. "Hiyo ni amri ya ofisi yangu, na kijana katii. Katii kupita kiasi, lakini katii. Hesabu nnazileta mwenyewe kesho."

"Mzee, barabara hiyo na mgongo wako?"

"Mgongo ni wangu."

Akakata. Akanywa chai iliyokwisha kupoa. Nikaanza kusema kitu, akanikatiza.

"Wewe nenda kamtoe mtoto. Mtoto hatoki mara mbili." Akanyanyuka. "Na nikisikia ngurumo huko njiani, nitawapigia Dar wazime wenyewe. Wewe usiguse."

Angenifokea ningepumua. Hakunifokea, na hicho ndicho kilichonimaliza.

Nimefika nyumbani, nimemkuta mke wangu Somoe anafunga mizigo ya Ziwani. Neema alikuwa ameshampigia.

"Eti umeizima Dar es Salaam?"

"Nimezima mashine moja tu."

"Basi kesho pale kuna muziki wa kukodi. Usisogelee jenereta."

Ndiyo hivyo. Kesho mimi nala pilau na kucheza ngoma ya mwanangu, na mtu mzima yuko kwenye tope amepakata hesabu zangu. Kicheko chenu sikikatai. Nawaomba tu mkishike kidogo, mpaka Mzee Mshamu afike.