Losheni Iliyokataa Kushikana

Jumatatu, 4 Machi
Kinyozi wa ng'ambo ya barabara, yule Kidevu, ana losheni yake mwenyewe! Nyeupe, laini. Mteja wangu wa miaka nenda rudi kanipungia mkono tu, kavuka barabara. Mimi nabaki na mkasi. Sikubali! Mafuta ya nazi, maji, chupa. Nimetikisa hadi bega likaomba msamaha. Nikaiweka chini. Mafuta juu, maji chini, kama ndugu walionuniana.

Jumanne, 5 Machi
Nimemuuliza shemeji, kaka wa mke wangu, mwalimu wa kemia. Kasema pale mafuta yanapogusana na maji pana mvutano, mfano wa ngozi iliyokazwa, joto huilegeza. Alikuwa bado anaeleza nilipofika jikoni kwangu. Nimepasha, nimekoroga. Nyeupe kama maziwa! Nimemwita mke wangu aone. Anafika, imepoa, mafuta yanapanda taratibu mbele ya macho yetu. Kanipa pole ya msibani.

Jumatano, 6 Machi
Moto peke yake hautoshi. Presha! Nimeazima sufuria ya presha ya mama mkwe, nikadai napika maharage. Nikaifungua kabla haijatulia. Mungu wangu! Mimi mzima, dari hoi. Mama mkwe kaingia, kachungulia mafuta yanavyodondoka, kauliza kwa upole maharage yako wapi. Shemeji kacheka hadi kukaa sakafuni. Ati presha ndogo hivyo haiutikisi mvutano wa mafuta na maji, kwani vimiminika havibanwi kirahisi; gesi ndiyo hubanwa. Ati alinieleza jana. Labda alikieleza kiti.

Alhamisi, 7 Machi
Mke wangu kakwangua sabuni ya kuogea, kaitia kwenye mchanganyiko wa moto, kakoroga. Kasema sabuni hushika mafuta mkono huu na maji mkono ule. Nimepinga: hiyo si sayansi, ni kufua. Imepoa. Haijatengana. Nimeitia chupani.

Ijumaa, 8 Machi
Mteja wangu karudi! Kapakwa, kajipapasa shavu, kauliza nani fundi. Nimesema mimi, na mke wangu hunisaidia kidogo. Mke alikuwa mlangoni. Leo nimejipakulia mwenyewe chakula.

Jumamosi, 9 Machi
Losheni imekwisha, na mke kagoma kukoroga. Hainitishi. Nimetafakari maneno ya shemeji, safari hii hadi mwisho. Kosa langu ni kubana maji. Gesi ndiyo hubanwa! Fundi wa kuchomelea ana mtungi mkubwa wa gesi. Nimemwambia nauhitaji kwa maharage.