Nukta ya Penrose

Jumatatu, 4 Agosti

Nimedhulumiwa. Chuo kimetoa ramani ya jimbo itakayochorwa ukutani pale uwanjani kabla ya mechi ya kwanza: kila mchezaji wa futiboli ya Kimarekani na nukta nyekundu kwenye mji wake. Nimeipitia yote kwa kioo cha kukuzia. Dutton wana nukta tatu. Penrose hatuna hata moja. Na moja ya hizo tatu ni ya Keshun Bolden, aliyelelewa hapa hapa Penrose, hatua mia nne kutoka kibarazani kwangu! Bibi yake namwona akianika nguo.

Sababu naijua. Shule yetu ilifungwa miaka sita iliyopita, watoto wakahamishiwa Dutton, na chuo huandika mji wa shule. Walichukua shule, wakachukua basi, wakachukua hata jezi. Sasa nukta.

Wendell Crump, kinyozi wa Dutton, kanipigia simu makusudi kuuliza kama Penrose bado ipo. Nikamkatia. Kisha nikampigia tena ili nimkatie vizuri zaidi.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga simu chuoni. Binti wa ofisi ya michezo kasema mji wa nyumbani hujazwa na mchezaji mwenyewe. Keshun akitaka kuubadilisha, ruhusa, mradi iwe kabla ya Jumatatu ijayo. Nikaanza kumweleza historia ya Penrose tangu reli. Nilipofika kwenye mafuriko akasema ana simu nyingine.

Sawa. Nimekipaka rangi upya kibao cha kuingilia mjini: PENROSE, NYUMBANI KWA KESHUN BOLDEN. Mke wangu Nadine kauliza kama Keshun anajua. Swali la ajabu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimekwenda kwa Bi. Ernestine Bolden, bibi yake Keshun, na pai ya viazi vitamu. Akalitazama boksi, akasema hii ni ya duka la Dutton. Penrose hakuna anayeuza pai, ningefanyaje? Alinikalisha kibarazani na chai baridi. Ndani sikukaribishwa.

Nikatoa hotuba yangu. Aliisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Kocha, si wewe uliyemkataa?"

Sikumkataa. Nieleze hapa, mahali ambapo sitakatizwa. Mimi ni kocha wa timu ya watoto, Nyuki wa Penrose, mwaka wa ishirini na mbili huu. Ligi ina kikomo: ratili mia na ishirini, asije mtoto mzito akawalalia wenzake. Kila Agosti tunawapima kwenye mzani wa duka la chakula cha mifugo. Keshun alipokuwa na miaka tisa alizidi ratili mbili. Nikamwambia arudi mwakani. Dutton, ambao mzani wao una huruma kupita kiasi, wakamchukua siku ile ile. Hayo tu.

Bi. Ernestine anasema mtoto alilia njia nzima. Anasema pia mzani wetu unazidisha ratili tatu na kila mfugaji anajua, ndiyo maana ndama wa kuuza wanawapimia pale, na chakula wanakinunua kwingine. Uzushi mtupu.

Hata hivyo alimpigia Keshun kambini, akaweka spika. Kijana ana adabu. Kasema hana kinyongo, ataandika Penrose kesho, ila ana ombi moja. Mdogo wake, Marquel, ana miaka tisa na anataka kuchezea Nyuki. "Mchukue tu, Kocha. Asihangaishwe kama mimi."

Nikaapa, mkono kifuani. Nikala vipande viwili vya pai ya Dutton. Si mbaya.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumeshinda! Keshun kajaza fomu. Binti wa ofisi kathibitisha: Penrose, nukta moja. Nimempigia Wendell, nikamsomea kibao chetu mara mbili. Kasema ngoja ramani ichorwe kwanza. Wivu.

Nadine kauliza kama nimeshaliandika jina la Marquel kwenye orodha. Nikamwambia majina huandikwa baada ya mzani, kama miaka yote. Akarudi jikoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya mzani. Watoto kumi wamepita. Timu ni watu kumi na mmoja, na wa kumi na moja alikuwa Marquel. Alivua viatu, akavua shati, akavua mkanda, akatema mate. Kisha akapanda, macho kayafumba.

Mia na ishirini na mbili.

Bi. Ernestine kasema, "Kocha, uliapa." Nikamwambia niliapa kumchukua mtoto, sikuapa kuuhonga mzani. Akaniambia nipande mwenyewe. Nikapanda. Mia mbili kumi na nne. Nadine, ambaye sikumwita, akatoa kwenye mkoba karatasi ya daktari ya Jumatano: mia mbili kumi na moja. Nikawajibu kwamba daktari huyo ni wa Dutton.

Hakuna aliyecheka. Nikainama, nikamwambia mtoto kwa upole kabisa arudi mwakani. Bi. Ernestine akamvalisha shati, akampandisha kwenye gari. Barabarani wakakata kushoto. Kushoto ni Dutton.

Jumatano, 20 Agosti

Nimesafiri mwendo wa saa mbili kwenda kuiona ramani ukutani. Dutton, nukta tatu. Penrose, rangi ya ukuta. Binti wa ofisi kasema Keshun alibadilisha tena Jumamosi ile ile, saa sita na robo mchana. Neno la kijana siku hizi halina thamani!

Si hilo tu. Ligi imetufuta kwa kuwa na watoto kumi. Wote kumi wamekwenda Dutton, na Wendell kasema Marquel anasukuma watu watatu kwa mpigo. Sikuuliza, kasema mwenyewe.

Miaka ishirini na miwili nimewatumikia watu hawa, na hakuna hata mmoja aliyesimama upande wangu. Nimeiandikia ligi barua ya kurasa tano nikidai mzani wa Dutton ukaguliwe. Jioni nimechukua ngazi na brashi, nikakirekebisha kibao: PENROSE, NYUMBANI KWA MZANI WA HAKI.