Kitufe Kilichokataa Kurudi

Siku soketi ya ghorofa ya pili ilipotoa moshi, wapangaji wote walitoka nje mbio. Mtu mmoja tu aliingia ndani, naye alikuwa mpita njia. Mjini walimwita Uhakika, kwa sababu hakuwahi kuuza kitu bila kutamka neno hilo, wala hakuwahi kuuza kitu chenye sifa hiyo.

Alimkuta mwenye nyumba ngazini akifoka. Kosa la wapangaji lilikuwa kuchomeka pasi, birika na hita mahali pamoja. Kila chumba kilikuwa na soketi moja tu, na mwenye nyumba alilijua hilo vizuri, maana ndiye aliyekataa kuongeza ya pili.

"Shikamoo mzee. Usiwagombeze watoto wa watu," Uhakika alisema kwa upole. "Shida hapa si umeme. Umekosa ekstensheni yenye akili."

"Akili ipi?"

"Ukiizidishia mzigo inajikata yenyewe, kabla waya haujaungua. Soketi moja inatosha. Wachomeke watakavyo."

"Na fundi wa kuongeza soketi?"

"Fundi wa nini tena, mzee wangu?"

Mwenye nyumba alikuwa mtu wa kuzima taa ya ngazini wakati watu bado wanapanda. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Bahili hutolewa na neno moja tu, nafuu. Akamkaribisha Uhakika ndani na kumpa kiti kizuri.

Tusimwonee Uhakika. Safari hii hakudanganya yote, kwani swichi ya kujikata hivyo ilikuwepo kweli, mezani kwa shemeji yake. Shemeji huyu, dada mkubwa wa mkewe, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme, na nyumbani kwake Uhakika na mkewe walikuwa wageni wa siku mbili tangu mwaka juzi. Fundi huyo alikuwa amehangaika kuipunguza swichi yake mpaka ikaenea kwenye pembe ya ekstensheni ya kawaida. Ndani yake kulikuwa na kibamba cha metali mbili zilizoshikana. Mzigo ukizidi, kibamba kinapata joto na kujipinda, kitufe chekundu kinaruka juu, umeme unakatika. Kila duka alilokwenda kuiuza lilimwambia arudi wiki ijayo, na alipokuwa akirudi aliambiwa hivyo hivyo.

"Ila ikishakata usiilazimishe," alimwambia Uhakika alipokuja kuazima moja ya mfano. "Kitufe hakikubali kurudi mpaka kibamba kipoe."

"Uhakika, shemeji," alijibu Uhakika, ambaye wakati huo alikuwa akifanya mazoezi ya kutabasamu kwenye kioo cha kabati.

Onyesho la kwanza lilikwenda vizuri. Swichi ilikata mbele ya mwenye nyumba, na Uhakika akaikunja na kuitia begini kabla mtu hajaomba kuigusa. Wakakubaliana: ekstensheni kwa kila chumba, malipo siku ya kukabidhi. Sasa, mtu mwingine angekwenda kununua swichi za kweli kwa shemeji yake. Uhakika hakulelewa hivyo. Alinunua ekstensheni za bei ya kutupa, kisha akaingia bafuni na kumpigia simu rafiki yake ili amweleze, kwa kicheko kingi, kwamba atagandisha vitufe vitupu tu juu yake. Ukuta wa bafu lile ulikuwa wa mbao nyembamba. Upande wa pili, shemeji alikuwa akisugua sufuria.

Baadaye Uhakika alimwendea. "Shemeji, niazime yale maganda ya vitufe uliyoyaharibu. Nataka kupamba dirisha la duka la rafiki yangu."

Shemeji alimtazama kidogo. "Lete na hizo ekstensheni, nikufungie mwenyewe. Wewe na bisibisi hamjawahi kuelewana."

Uhakika nusura aimbe. Kufungiwa utapeli na fundi halisi, tena bure, ni heshima ambayo matapeli wengi hufa bila kuionja.

"Kwenye nyumba ile ya wapangaji kuna watoto wanalala," shemeji alimwambia mdogo wake, mke wa Uhakika, baada ya Uhakika kutoka. Kisha akavuta kiti, akaanza kazi.

Siku ya kukabidhi, wapangaji walijazana chumba cha chini. Shemeji naye alikuja kusaidia kubeba, akaketi kwenye kigoda mlangoni. Uhakika alitoa ile ya mfano. Mwenye nyumba akaisukuma pembeni.

"Hii nimeshaiona," alisema, akazamisha mkono hadi chini ya boksi. "Tujaribu hii."

Pasi ikachomekwa, kisha birika, kisha hita. Vyote vikawaka, birika likaanza kuunguruma, na Uhakika akaanza kunusa hewa akitafuta harufu ya waya. Ghafla, tak. Kitufe kikaruka, kila kitu kikanyamaza. Taa ya darini bado ilikuwa inawaka.

Hakuna aliyeshangaa kuliko muuzaji, aliyedhani waya mbovu umekatika ndani na kukirusha kitufe kwa bahati tu. Lakini mjanja hakosi neno. "Si niliwaambia?" alisema. "Uhakika."

Mwenye nyumba akabonyeza kitufe. Kikakataa. Akabonyeza kwa nguvu. Kikakataa tena.

"Mbona hairudi?" alisema, sura ikibadilika. "Hebu leteni bisibisi. Nataka kuona ndani kuna nini."

Uhakika alitupa jicho mlangoni. Shemeji alikuwa bado pale pale, amejaa mlango mzima. Bisibisi ikapita mkono kwa mkono mpaka mezani.

"Mzee, usifungue," Uhakika alisema kwa sauti ndogo. "Hakuna kitu ndani. Ni maganda matupu, zote. Nisamehe, mimi ni tapeli."

Shemeji alisimama, akasogea mezani.

"Sasa imepoa, mzee. Bonyeza."

Mwenye nyumba alibonyeza kwa kidole kimoja. Kitufe kikatulia mahali pake, na birika likaendelea kuunguruma kutoka pale lilipoachia. Shemeji akachukua bisibisi, akafungua, akaonyesha kibamba kinachong'aa. Uhakika alikitazama kwa uchungu wa mtu aliyeungama dhambi ambayo hakuwahi kupewa nafasi ya kuitenda.

"Kwa hiyo zote ni nzima?" mwenye nyumba aliuliza.

"Zote. Nimezifunga mimi."

"Basi nakulipa wewe. Huyu amesema mwenyewe ni tapeli." Kisha akakumbuka jambo. "Lakini imekata. Mimi niliambiwa wachomeke watakavyo."

"Swichi haiongezi umeme, mzee. Inakataa ujinga tu. Ukitaka wachomeke vyote, ongeza soketi."

Wapangaji wakaguna kwa pamoja kuunga mkono, na mwenye nyumba, aliyeona hata yeye hana pa kutokea, akamwuliza fundi anaweza kuanza lini.

Alianza kesho yake. Uhakika alipanda ngazi amebeba marobota ya waya mabegani, kwa sababu mkewe alikuwa amemwambia kwamba siku zile mbili za ugeni zimekwisha.

"Shemeji," alisema akihema, "ulijuaje kwamba nitakiri?"

"Sikujua. Nilidhani utakimbia," alisema shemeji bila kugeuka. "Ndiyo maana nilikaa mlangoni."