Kona ya Kabatini

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mke wangu ameenda kwa dada yake hadi Ijumaa. Mlangoni aligeuka, akasema kwa upole (akiwa mpole mimi hutetemeka) kwamba treni zangu za kuchezea zikila shubiri moja zaidi ya nyumba yake, zote zitaingia maboksini na chumba kitakuwa cha cherehani. Nikasema nimeelewa. Nimeelewa kabisa!

Ila kona ya dirishani imebana. Nieleze: behewa refu halipindi kama nyoka. Likibanwa, gurudumu hupanda juu ya reli na treni hulala ubavu. Leo imelala mara tisa. Jirani yangu Filimbi, aliyeendesha treni za kweli hadi akastaafu, amechungulia akacheka mpaka akashika mlango. Eti hiyo si kona, Mwalimu, hicho ni kiwiko. Eti abiria wake wangeshuka watembee.

Jumanne, tarehe 4
Dawa nimeipata. Kona inataka shubiri mbili zaidi. Nyuma ya ukuta ni chumba chetu cha kulala, na hapo hasa limesimama kabati la nguo. Treni itaingia kwa tundu moja, ipinde gizani nyuma ya viatu vya mke wangu, itoke kwa tundu la pili. Handaki! Nani atajua? Nimeazima drili kwa Filimbi. Aliuliza kama mwenye nyumba ana habari. Nikamwambia mwenye nyumba ni mimi. Akanishika mkono kama mtu anayetoa pole.

Jumatano, tarehe 5
Matundu mawili tayari. Vumbi mpaka kwenye mswaki. Kila gari lilipopunguza mwendo nje, nilizima drili. Kisha nikafungua kabati. Salale! Matundu hayako kwenye viatu. Yako usawa wa magoti, kwenye mapindo ya magauni. Nilipima kutoka sakafu ya chumba cha treni, nikasahau kwamba kwenda chumba cha kulala unashuka ngazi mbili. Miaka thelathini na moja nimefundisha hesabu!
Nimepigilia rafu humo humo kabatini, ibebe reli. Kurudi nyuma haiwezekani.

Alhamisi, tarehe 6
Treni ya kwanza. Injini, mabehewa matano. Imeingia. Haijatoka. Mlio wa kusaga, halafu kimya. Magurudumu yamesokota lesi ya gauni alilovaa mke wangu siku ya kumwoza binti yetu. Pindo zima limekuwa kamba. Niko na mkasi mkononi, simu inalia. Yeye! Dada yake amemchosha, anarudi leo. Nikasema vizuri sana, kwa sauti ambayo sikuitambua.

Nimekata lesi. Nimeziba matundu kwa soksi.

Saa tisa amefika. Amefungua kabati. Amelifunga. Ameuliza kama nimekula. Basi! Mimi niliyezoea kuogopa upole wake, sikujua kuna kitu kibaya zaidi.

Ijumaa, tarehe 7
Filimbi amefuata drili yake. Mke wangu amempa chai, akamwomba aeleze inavyofanya kazi. Msaliti akaeleza! Halafu nikaitwa: Mwalimu, njoo. Maboksi matatu mezani. Hakufoka. Alisema gauni atalishona upya, na ili alishone anahitaji chumba. Nilifunga behewa moja moja kwenye gazeti. Injini niliifunga, nikaifungua, nikaifunga tena, nadhani aliona, maana alisema haya, kuna rafu moja kwenye stoo ya jikoni.

Jumapili, tarehe 9
Cherehani inanguruma palipokuwa stesheni. Rafu ya stoo ni nyembamba. Nimetandika reli. Kona imebana. Treni imelala ubavu.

Nimekoma, nimejiambia. Ukuta nimeugonga kwa kidole tu. Ni ubao mwembamba. Upande wa pili ni kabati la vyombo vya wageni. Safari hii nimepima kutoka sakafu zote mbili. Jumanne mke wangu anaenda saluni.

Naogopa. Filimbi ameapa hanipi tena drili. Msumeno hakuutaja.