Sauti Yangu Chumbani kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi 2025. Kitale.
Wiki ya sita bila mke. Nekesa alienda kwao Sirisia kumzika baba yake, akabaki. Anasema mama yake miguu imekataa, hawezi kuamka gizani kutafuta swichi. Binti yetu Lorraine yuko shule ya bweni. Mimi nakula githeri ya juzi. Nyumba imenyamaza mpaka nasikia friji ikiwaza.

Lakini leo nimepata wazo! Dukani kwangu kuna vitufe visivyo na waya, vimekaa mwaka mzima bila mnunuzi. Unabandika kimoja ukutani, unabonyeza, taa inawaka upande wa pili wa chumba. Mama mkwe akipata kitufe kando ya kitanda, hatahitaji binti. Nekesa atarudi. Sijui kwa nini watu hawaniombi ushauri.

Jumatano, 5 Machi.
Siku nzima ya kuunganisha. Unashikilia kitufe huku ukitazama simu, mpaka kitaa chake kipepese. Cha kwanza kiliungana na redio. Cha pili kiliungana na balbu ya bafuni na kikakataa kuachana nayo.

Kisanduku kinachopokea amri za vitufe kinatangaza kila kitu kwa Kiingereza, sauti ya mwanamke mwenye haraka. Mama mkwe hajui Kiingereza. Nimerekodi sauti yangu mwenyewe badala yake: "Mama, taa imewaka. Lala salama." Nimerudia mara kumi na moja hadi ikatoka nzito, yenye upendo. Jirani yangu Mwihaki aliuliza kupitia ua kama nina mgeni. Nikasema ni kazi. Hakuamini.

Jumamosi, 8 Machi. Sirisia na kurudi.
Kwa Wabukusu, mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe. Hampi mkono. Hali naye meza moja. Sisi Wakikuyu wa Kitale tuna heshima zetu, ila si kali hivi. Nimetii yote. Nilisimama nje ya dirisha nimegeuza mgongo, nikimwelekeza Nekesa aliye ndani: kisanduku chini ya kitanda, bonyeza, shikilia, achilia. Mama mkwe alikaa jikoni, leso kichwani, mpaka nilipoondoka. Miguu yangu haikuvuka kizingiti. Naweza kuapa mahakamani.

Doa moja tu. Hillary, kaka yake Nekesa, anaishi boma hilo hilo. Amefunga kamba kutoka kitanda cha mama hadi nyumbani kwake, na mwishoni kengele ya ng'ombe. Mama akivuta, Fridah, mke wa Hillary, anakuja na tochi. Ati imefanya kazi tangu wiki ya mazishi. Nikamwambia dunia imeendelea. Akaniambia ng'ombe hawajalalamika. Anadhani anachekesha.

Nekesa alinisindikiza mpaka langoni. Alitaka kusema jambo. Nilikuwa naangalia kama kisanduku kinashika mtandao kutoka hapo. Kinashika. Nilipoinua macho alikuwa amesharudi ndani.

Jumatatu, 10 Machi.
Balaa! Jana baada ya sala ya jioni mama mkwe aliingia chumbani, akafunga mlango, akavua kilemba, akabonyeza. Taa ikawaka. Kisha sauti ya mkwe wake, kutoka chini ya kitanda, ikamwambia alale salama. Alitoka mbio bila fimbo wala viatu. Nilimwuliza Nekesa kama hiyo si dalili kwamba miguu imepona. Akakata simu.

Jumanne, 11 Machi. Sirisia tena.
Nimehukumiwa na wazee watatu, wakiongozwa na mzee Wabwile, ami yake Nekesa. Shida yao ilikuwa hili halijawahi kutokea. Mkwe akiingia kwa miguu, faini inajulikana. Je, akiingia sauti peke yake? Mmoja alisema mbuzi. Mwingine alisema sauti si mtu mzima, kuku anatosha. Nikajitetea kwamba sauti ilirekodiwa Kitale, kwa hiyo kisheria nilikuwa kaunti nyingine, Trans-Nzoia. Baada ya hapo wote watatu wakasema mbuzi.

Kisha Nekesa aliniita nyuma ya ghala. Hakuwa na hasira, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Baba Lorraine, mama ako na Fridah. Mimi hajaniita hata siku moja. Siku tulizika baba nilikutafuta unishike mkono. Ulikuwa nyuma ya hema, unatengeneza spika."

Nikamwambia spika ilikuwa na waya mbovu. Ni kweli, ilikuwa na waya mbovu. Akarudi ndani. Moyo umezama tangu saa ile na bado haujafika chini.

Jumatano, 12 Machi. Kitale.
Sijala. Nimewaza maneno yake tangu asubuhi. Nimelia kidogo, nimeinamia sinki. Nekesa amesema kweli tupu: alinihitaji, na hakuwa na njia ya kunipata.

Ni tatizo la mawasiliano! Nimebaki na kitufe kimoja kizuri. Nitakitia kamba akivae shingoni. Akibonyeza mara moja, popote alipo, simu yangu italia wimbo wa harusi yetu. Hatanitafuta tena nyuma ya hema.

Ijumaa, 14 Machi.
Kitufe kimekataa kuungana tangu saa tatu asubuhi. Saa tano Nekesa akapiga simu. Simu ikiingia inakatiza kazi yote, unaanza upya. Nikakata. Akapiga tena. Nikakata. Mara ya tatu nikakata na kuzima milio yote, kwa faida yake mwenyewe. Saa saba kasorobo kitaa kikapepesa kijani! Nilipiga kelele hadi Mwihaki akachungulia.

Ndipo nikaona ujumbe wa saa tano na nusu: "Niko Kiminini na mizigo yangu. Nilitaka nione kama utakuja kunichukua. Nimepiga mara tatu. Narudi kwa mama."

Kiminini ni nusu saa tu kutoka hapa. Nikampigia. Hapatikani. Nikapiga tena, nikapiga tena. Nikakaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.

Jioni nimelichunguza jambo hili kwa makini, na sasa nalielewa. Simu si kitu cha kutegemea. Angekuwa na kitufe shingoni, ningejua palepale. Kesho nitakituma Sirisia kama kifurushi. Ningekipeleka mwenyewe, lakini lazima mtu abaki hapa kusikiliza kama atabonyeza.